Chekechea ya serikali huku kijijini Mufindi: watoto wanacheza nje kweli, na wanajifunza kweli

Kila mwaka ikifika Oktoba naona wazazi wanaulizana jamani huku Mufindi, mkoa wa Iringa, mtoto nimpeleke wapi awali, na majibu karibu yote ni shule za mjini zenye basi na sare ya tai, darasa la awali la shule ya msingi ya kijijini hakuna anayelitaja kabisa. Mi mwanangu anasoma huko na nimeridhika, nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyoizuia nitaieleza huko chini maana ina sababu zake na ni sababu za msingi. Jina la shule silitaji kwa usalama wa watoto, ila ni kijiji kimoja njia ya Nyololo kwenda Igowole, huku kwenye chai na misindano, wenyeji mkisoma mtaijua tu.

Kwanza mjue ni kitu gani hasa. Sio kituo binafsi, ni darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, yani ule mwaka mmoja kabla ya la kwanza. Ada hakuna, elimu bila ada ilianza Januari 2016 na awali imo humo. Watoto wengi wana miaka 4 na 5. Kuna madam mmoja mwenye cheti cha ualimu na dada mmoja wa kijijini anayejitolea, wazazi tunamchangia posho kidogo. Darasa ni la tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji, mkeka mkubwa na madawati machache ya chini. Ukilipiga picha hutoona cha kukuvutia. Ila toka nje uende nyuma ya darasa.

Nyuma kuna uwanja ambao wazazi tuliujenga kwa nguvu zetu na serikali ya kijiji, na hapo ndo pana utamu wote. Huku kwetu mbao hazina shida, shamba la Sao Hill ndo shamba kubwa la miti ya kupandwa la serikali nchini, viwanda vya kupasua mbao viko kila kona, kwahiyo mabanzi yale yanayobaki pembeni ya gogo unayapata kwa bei ndogo au unapewa. Fundi mmoja mzazi akatupigia fensi upande mmoja kwa mabanzi, akaweka gogo refu la kutembea juu yake liko chini tu kama goti la mtu mzima, akachimbia visiki vya urefu tofauti watoto wanaruka kimoja kwenda kingine. Matairi ya lori yamezikwa nusu, wanayapanda na kupita chini yake. Bembea mbili za kamba na tairi. Boksi kubwa la mchanga uliotoka mtoni lenye kifuniko cha mabanzi, kifuniko hicho msikichukulie poa, mchanga ukiachwa wazi paka wanafanya choo chao humo na minyoo inaanzia hapo hapo. Kuna kibanda kidogo cha nyasi cha kujipikilisha kina masufuria mabovu, vibuyu, vikopo, magunzi na majani. Na kuna kitu ambacho sijakiona shule yoyote ya mjini niliyowahi kuingia, mifereji ya mianzi.

Ngoja nieleze hii mifereji maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike. Wamepasua mianzi katikati, vipande viko kama kumi hivi, vimelazwa tu pembeni, na kuna pipa lenye bomba na vikopo. Kazi ya watoto ni kuyafikisha maji kutoka kwenye pipa mpaka kwenye kishamba chao cha mboga. Hakuna anayewaelekeza. Siku niliyokaa kuwaangalia walikuwa wanne, wakapanga mianzi chini wakamwaga maji, maji yakaenda kidogo yakasimama. Mmoja akasema mwanzi umeziba, akaingiza kidole, hamna kitu. Wakamwaga tena, yakasimama pale pale. Kabinti kamoja kadogo kenye sweta ya kijani kakachuchumaa hadi shavu likawa karibu na ardhi, kakaangalia mwanzi kwa usawa wake, kakasema huku kuko juu. Kakaenda kuleta jiwe, kakainua upande wa pipa. Maji yakaenda kwa kasi yakaruka nje ya mwanzi wa pili. Sasa ikawa kelele, toa jiwe, weka dogo, hapana weka viwili vidogo, mmoja analia kwamba kopo ni lake, wakanyang'anyana, wakaachiana. Madam alikuwa amesimama hatua chache tu anawaangalia, hakuingilia hata kwenye ule ugomvi wa kopo, na maji yalipofika kwenye mchicha akawasogelea akauliza swali moja tu, "mlifanyaje mpaka yakafika?" Kila mmoja akawa anataka kueleza, wengine kwa Kiswahili wengine wanachanganya na Kihehe, na kale kabinti kakaonyesha kwa mkono ulioinama, hivi, lazima yashuke.

Mtoto wa miaka mitano amejua maji yanahitaji mteremko, amejua mteremko ukizidi yanaruka, amejaribu, ameshindwa, amebadilisha, amejadiliana na wenzake, amegombana akapatana, na mwisho ameeleza alichofanya kwa maneno yake. Ukimwandikia hayo ubaoni ataimba kama kasuku na kesho hana kitu. Nawaambia nilikaa pale moyo unanidunda kwa furaha, na sio mtoto wangu hata.

Siku yenyewe inaendaje. Wanafika asubuhi, wanasalimia, Kamwene, ile salamu ya huku kwetu, zinapigwa pale mlangoni na shikamoo, madam anawapokea mmoja mmoja anamuangalia kila mtoto usoni, mwenye homa anajulikana mapema. Wanakaa kwenye mkeka kwa duara, wanaongea habari za jana, nani ng'ombe wao amezaa, nani bibi yake anaumwa, hali ya hewa ikoje leo kuna ukungu au jua. Alafu wanaingia kwenye kona. Kona ya hesabu ina visoda, vijiti, punje za mahindi na koni za misindano, wanazipanga makubwa na madogo, wanahesabu, wanagawana. Kona ya lugha ina vitabu vya picha vichache na kadi za herufi madam amezikata kwenye maboksi. Kona ya duka ina pakti tupu za sabuni na chumvi na noti za karatasi, pale ndo utawasikia wakipunguziana bei kama mama zao sokoni. Hizi kona sio ubunifu wa madam peke yake, mtaala wenyewe wa awali unataka darasa liwe na kona za ujifunzaji na mtoto ajifunze kwa michezo, mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika Januari 2024 na msisitizo ni huo huo. Tofauti ni kwamba shule nyingi kona zinapangwa mkaguzi akija, hapa vitu vimechakaa kwa kushikwa. Visoda vimepauka, kadi zina kingo laini. Ukitaka kujua shule inatumia vifaa au inaonyesha vifaa, angalia vimechakaa kiasi gani.

Baada ya kona ni uji, alafu nje. Na nje sio dakika kumi za mapumziko, ni muda mrefu, na mara nyingi wanarudi tena nje kabla ya kuondoka. Wanacheza kombolela, mdako, kuruka kamba, rede, wavulana wanakuja na magari yao ya mabua na magurudumu ya kandambili. Madam anaingia kwenye mdako na wao, anahesabu nao kwa sauti, mbili mbili, tatu tatu, hawajui hata kama ni hesabu.

Kuna mzazi mwenzangu aliniambia, wewe unampeleka mtoto kucheza, si angecheza nyumbani? Nililichukulia swali lake kwa uzito maana wengi tunawaza hivyo hivyo, tunataka daftari lililojaa. Mimi nilimjibu hivi. Mtoto anaandika kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata, lakini hivyo vidole vinabebwa na kiganja, kiganja kinabebwa na mkono, mkono unabebwa na bega na mgongo. Mtoto asiyening'inia, asiyepanda, asiyebeba ndoo ndogo, asiyefinyanga udongo, ukimpa penseli anaikamata kwa ngumi na anachoka mstari wa pili. Anayefinyanga kila siku vidole vinapata nguvu bila mtu kumpiga. Na kutulia nako ni hivyo hivyo, mtoto wa miaka minne hajaumbwa kukaa kwenye dawati masaa matatu, akishakimbia ndo anatulia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 awe kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na katika hizo angalau 60 ziwe za kukimbia na kuruka kwelikweli mpaka anahema, na mbele ya skrini isizidi saa moja, ikipungua ndo bora zaidi. Masaa matatu hayo! Mtoto wa mjini anayeshinda kwenye chumba cha nne kwa nne alafu jioni katuni, hizo dakika anazitoa wapi?

Nalisema hili kwa uchungu kidogo maana mwanangu alianzia kituo kimoja binafsi mjini kabla hatujahamia huku, sitakitaja. Watoto walikuwa wamebanana kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa fremu ya duka, nje ni veranda tu alafu barabara. Alikuwa na miaka mitatu na nusu anarudi na homework kurasa mbili, a a a a, 1 1 1 1, asipomaliza anasimamishwa. Alianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, asubuhi analia akiona begi. Nilipouliza nikaambiwa mama tukimdekeza hatafaulu intavyuu ya la kwanza. Intavyuu, mtoto wa miaka mitatu! Huku alipokuja wiki za mwanzo alikuwa anasimama pembeni ya uwanja haingii, anasubiri aambiwe afanye nini. Madam hakumsukuma, alimpa kazi ya kumshikia kikopo cha maji ya mboga, alafu kikopo kikampeleka kwenye mianzi, mianzi ikampeleka kwa wenzake. Sasaivi asubuhi ananiamsha yeye.

Na herufi anazijua. Naliweka hili wazi kwa wanaohofia. Anaandika jina lake, anahesabu vitu kupita ishirini, na anaposema vitano anajua ni vitano vya kitu gani, sio wimbo tu. Hadithi anasimulia ina mwanzo na mwisho. Walimu wa la kwanza pale pale shuleni wanasema wanaotoka kwenye hili darasa wanauliza maswali sana, wanasema kama malalamiko lakini mi naona ni sifa.

Sasa uji. Wazazi wa Iringa hili tulichukulie kama jambo letu maana linatuhusu kuliko mikoa mingine yote. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha mkoa wetu wa Iringa ndo wa kwanza Tanzania kwa udumavu, karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ni 30. Njombe wanafuatia na Rukwa. Mikoa inayolisha nchi! Mahindi tunayo, viazi tunavyo, maharage, maziwa, parachichi zinaoza chini ya mti, alafu watoto wetu ndo wafupi kwa umri wao. Sehemu ya shida ni kwamba mama anatoka alfajiri shambani au kwenye chai, mtoto anashindia ugali na mboga za majani mara moja au mbili, na tumbo dogo la mtoto linataka kidogo kidogo mara nyingi. Udumavu wenyewe unaanzia tumboni mwa mama na miaka miwili ya kwanza, kwahiyo uji wa chekechea hauwezi kufuta yaliyopita, lakini mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa tu, na asiyecheza hajifunzi, nimeona kwa macho siku ambazo unga uliisha na siku ambazo upo, uwanja ni ule ule lakini watoto kama wengine.

Hapa kila mzazi anatoa mahindi, ulezi kidogo kwa mwenye nao, karanga au soya, na hela ya sukari na kusagisha. Mama wawili wanapokezana kupika kwa zamu. Uji ni mzito, wa moto, na msimu wa parachichi wanaponda kipande wanaweka pembeni kwenye sahani, watoto wengine mwanzoni walikuwa wanatema sasa wanagombea. Tatizo ni kipindi cha Januari mpaka Machi, ghala za nyumbani zinakuwa zimeisha na mahindi ya shambani bado mabichi, michango inashuka na kuna siku uji haupo. Hii ni moja ya sababu za kuzuia nyota, na sio lawama kwa madam, ni sisi wazazi na kamati. Tuweke akiba mara tu baada ya kuvuna, Julai na Agosti mahindi yapo mengi na bei iko chini, gunia la shule litoke hapo na likae stoo limetiwa dawa ya wadudu vizuri. Nimelisema kikaoni na nalirudia hapa.

Kuhusu baridi. Mtu wa Dar akisoma kwamba watoto wanacheza nje Mufindi mwezi wa saba atashtuka, maana asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne na vidole vinakufa ganzi. Madam anachofanya ni kugeuza ratiba, Juni mpaka Agosti wanaanzia ndani, wanatoka jua likishapanda, na wakitoka wanaanza na mchezo wa kukimbia sio mchanga. Maji ya mianzi hayaguswi mpaka kuwe na jua. Msimu wa mvua kinyume chake, mvua zetu zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili hivi na mara nyingi zinashuka mchana, kwahiyo nje inakuwa asubuhi. Ushauri wangu kwa mzazi mpya, usimvalishe mtoto nguo unayoionea huruma. Mnunulie sweta mbili za mtumba, gambuti za mpira, kofia ya kufuma, basi. Matope yatakuwepo na udongo wetu mwekundu hautoki kirahisi. Kuna mama alikuja kugomba kwa sababu sketi imechafuka, madam akamsikiliza mpaka akamaliza, akamshika mkono akampeleka uwanjani akamuonyesha mtoto wake anatembea juu ya gogo bila kushikwa. Mama akanyamaza akabaki anaangalia. Wiki iliyofuata alileta matairi mawili.

Usafi wa mikono uko vizuri, wana vibuyu chirizi vitatu, dumu limefungwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, sabuni imening'inizwa kwenye soksi ili isipotee, na watoto wanakumbushana wenyewe, ukijifanya kupita wanakuitia madam. Kucha zinaangaliwa Jumatatu. Miguu pia wanaangalia kwa ajili ya funza hasa kiangazi vumbi likizidi, na mwenye nao anatolewa kwa upole pembeni, sio mbele ya wenzake, nilipenda sana hilo.

Sasa niseme mabaya kwa uwazi.

La kwanza ni choo. Watoto wa awali wanatumia choo kimoja na wakubwa, matundu ni makubwa, giza, na iko mbali na darasa. Mtoto wa miaka minne anaogopa kuingia na ana haki ya kuogopa. Wengi wanajisaidia nyuma ya fensi alafu wanarudi kwenye michezo. Yani usafi wote wa mikono unaharibiwa hapo. Kwenye shule zilizojengwa na BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, kuna madarasa ya mfano ya awali yenye vyoo vya watoto na vifaa vya michezo, kwahiyo serikali yenyewe inajua choo cha mtoto kinatakiwa kuwaje, ila sisi hatujafikiwa na siamini tunatakiwa kusubiri. Tundu dogo mbili, mlango mfupi, mabanzi tunayo, mchanga tunao, kinachotakiwa ni saruji na fundi. Nimeshasema nitatoa mifuko yangu.

La pili ni idadi. Kiwango cha awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hapa wamo zaidi ya mara mbili ya hapo. Madam ni hodari na yule dada anamsaidia sana lakini kuna watoto wanapotea katikati, hasa wale wapole. Uwanjani haina shida sana kwa sababu watoto wanajigawa wenyewe kwenye makundi, lakini ndani kwenye kona msongamano unaonekana, na siku madam akienda semina au mshahara wilayani basi darasa linabaki kwa dada peke yake. Na huyo dada posho yake inachelewa. Wazazi wenzangu, mtu anayeshinda na watoto wetu wote hao tunamlipa kwa kusuasua alafu jioni tunanunua vocha, hapana, tubadilike.

La tatu, barabara. Fensi ya mabanzi iko upande mmoja tu, upande wa pili ni ua wa mimea ambao haujafunga, na malori ya magogo yanapita pale kwa kasi kubwa hasa kiangazi. Mpira ukitoka mtoto anaufuata. Wakubwa wanawekwa pale wakati wa mapumziko lakini hilo sio jibu la kudumu. Tuliomba tuta, bado. Na wale wanaotoka kitongoji cha mbali wanatembea mwendo mrefu na wadogo zao, kipindi cha ukungu dereva hamuoni mtoto mpaka amefika. Mimi wa kwangu namsindikiza, na kwa asiyeweza bora watoto waende kwa kundi na mkubwa mmoja wa la sita awe nao.

La nne dogo, kamba za bembea. Zinaoza kwa mvua, moja ilikatika, bahati nzuri mtoto aliangukia kwenye vumbi la mbao akaumia kiwiko kidogo tu. Vumbi la mbao chini ya bembea ni wazo zuri sana na liongezwe mara kwa mara maana linashindiliwa linakuwa gumu. Kamba zikaguliwe kila mwezi, ni kazi ya nusu saa.

Nimesahau kusema kuna mtoto mmoja mguu wake mmoja una shida, anatembea kwa kujiburuza kidogo. Wazazi wake walikuwa wanamficha nyumbani mpaka mwenyekiti wa kitongoji na madam walipokwenda kuongea nao. Fundi akampigia reli ya kushika pembeni ya lile gogo na kumpunguzia boksi la mchanga kingo upande mmoja. Huyo mtoto ndo bingwa wa mdako pale, mikono yake ina kasi hakuna anayemuweza, na watoto wanagombania kuwa naye. Kwa hili peke yake ningetoa nyota tano.

Gharama kwa ujumla, ukiacha sare na sweta, ni michango ya uji na ile posho ya dada, kwa mwaka mzima haifiki hata ada ya mwezi mmoja ya kile kituo cha mjini. Asiye na hela analeta mahindi, kuni, au anakuja kufanya kazi, hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, nimeuliza na nimehakikisha.

Kwa anayetaka kuandikisha, nenda kuanzia Oktoba mpaka Desemba, masomo yanaanza Januari. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama hana na hajafika miaka mitano kinatolewa bure ofisi ya kata au kituo cha afya, usisubiri afike mitano. Beba na kadi ya kliniki. Mwalimu mkuu yupo asubuhi, ukichelewa utamkuta darasani. Na usiishie ofisini, omba uende nyuma ya darasa kipindi wako nje, kaa kwenye kisiki uangalie hata nusu saa, hawakatazi. Ukienda na kipande cha mwanzi au tairi bovu utapokelewa vizuri zaidi, na kamba ya bembea ndo inahitajika kuliko vyote sasaivi, ile ya manila nene sio ya katani.